Baba Mkubwa Alipotembea kwa Miguu

Enzi zile magari binafsi yalipigwa marufuku Jumapili mchana ili kuokoa petroli, basi baba mkubwa, bwana gari, akalazimika kutembea kama sisi. Alinishika mkono kutoka Mchafukoge hadi Ilala kwa shangazi. Kila alipopiga hatua moja, mimi nilikimbia ili nisiburutwe.

"Baba mkubwa, nimechoka."

"Mtoto hachoki," akajibu, bila hata kuniangalia.

Tulipofika alijibwaga kitini, kitambi kikipanda na kushuka. Shangazi akamwonea huruma, maskini ametoka mbali kwa miguu, akampakulia mapaja yote mawili ya kuku. Mimi nikawekewa shingo.

"Huyo alikuwa anacheza tu njia nzima," baba mkubwa alimwambia, mdomo umejaa.