Daktari Kiti

Daktari huyu tulimwita Daktari Kiti, na hakukasirika. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake akiuza dukani kutwa nzima, kwa hiyo aliyemlea hasa ni bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alipougua, hospitali walitazama mwaka wake wa kuzaliwa kabla ya kumtazama yeye, wakasema, "Ni uzee tu." Akarudishwa nyumbani, akafa. Kumbe ilikuwa nimonia, ugonjwa unaotibika. Daktari hakunisimulia haya kwa machozi. Alisimulia kama mtu anayekuonyesha njia aliyojia.

Alipohitimu, wenzake walichagua moyo, watoto, mifupa. Yeye akaomba wazee.

"Umesoma mpaka macho yakaingia ndani, halafu ukalee vikongwe?" wakamtania.

"Nanyi mnakuja huko huko," akawajibu. "Natangulia kuwatandikia."

Wodi aliyopewa ilikuwa nyuma kabisa, kati ya chumba cha kufulia na stoo. Mganga mkuu alishasema wazi kwamba mvua zikiisha anaichukua kuwekea dawa, maana waliolala mle hawaponi, wanangoja siku yao. Daktari akaomba aachiwe msimu huo mmoja. Akaachiwa, kwa shingo upande.

Ndimo alimolazwa mke wangu. Mimi nilikuwa fundi rangi, yeye fundi cherehani, na majirani watakwambia nani kati yetu alikuwa msemaji. Basi alianguka nyumbani, akalala, hakuinuka tena. Akili zimemruka, watu walisema, kwa sababu ukimwuliza hivi anajibu vile.

Daktari akamwinamia. "Mama, umekula?"

"Mume ninaye, yule pale."

Wauguzi wakacheka. Daktari akachukua kitochi, akamchungulia masikio. "Huyu hajachanganyikiwa," akasema. "Masikio yameziba. Atajibuje asilolisikia?"

Akamtia matone ya mafuta, na baadaye wakamsafisha. Ilitoka nta, jamani, ungeweza kuitia utambi. Kisha akamwaga kwenye sahani vidonge vyote alivyokuwa akimeza mke wangu, akakuta vya usingizi vimo, na ndivyo vilivyomwangusha. Akavipunguza kidogo kidogo. Halafu akaleta kiti.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: kila kitanda na kiti chake, na anayeweza kukaa hapokei mgeni akiwa amelala. Ukija kumwona mtu wako unasubiri mlangoni mpaka akalishwe kitini. Nilinung'unika.

"Daktari, huyu anaumwa mwili mzima."

"Najua, mzee wangu, nimempa dawa ya maumivu. Lakini kulala nako kunaua, tena polepole. Subiri hapo hapo."

Nikasubiri. Mara nikasikia sauti ndani, nyembamba lakini ni yake: "Mwacheni asimame. Mimi nimemsubiri mlangoni miaka yote."

Niliegemea ukuta nikacheka peke yangu kama mwehu. Mke wangu alikuwa amerudi.

Mvua zikaisha. Mganga mkuu akaja na vibarua waliobeba rafu. Akakuta vitanda vitupu.

"Si nilikwambia?" akasema. "Wamekwisha."

"Wamekwenda makwao," daktari akajibu, "kwa miguu yao. Waliobaki wako barazani wanaota jua."

Mganga mkuu akatoka kuhakikisha. Mke wangu alikuwa amekaa kitini, anawaelekeza wenzake nani asogee wapi. Akamtazama mganga mkuu toka juu mpaka chini.

"Baba, pindo la koti limefumuka. Lete nikushonee, unatutia aibu."

Bwana mkubwa akavua, akabaki na shati. Akamnong'oneza daktari, "Huyu si ndiye aliyekuwa hajitambui?"

"Nakusikia," mke wangu akasema, huku anatunga uzi kwenye sindano.

Baraza zima likaangua kicheko, na mganga mkuu mwenyewe akashindwa kujizuia. Akangoja koti lake mpaka likaisha, akalivaa, akawageukia vibarua. "Rudisheni rafu zilikotoka," akawaambia. "Wodi inabaki."

Haikubaki tu. Ukuta wa stoo ulibomolewa, wodi ikawa kubwa maradufu, na hospitali nyingine zikaanza kuleta madaktari vijana wajifunze pale. Wanafika na makoti yao meupe yaliyonyooka, wanamwuliza waanze na nini. Daktari anawaonyesha viti, anawaambia wabebe.