Milio Pacha

Fundi wa maabara hutoka Kinoo alfajiri ili awe wa kwanza kufika. Huvua viatu mlangoni, hufunika kila kijitaa cha mitambo kwa utepe mweusi, kisha husikiliza vipima mwanga viwili kama mkunga asikilizaye tumbo. Leo mtafiti Ndanu naye aliwahi, akavisikia vikilia kwa pamoja: ti-ti, ti-ti. Moyo ukampiga paa. Kumbe kweli atomu hupatana, zikatoa nuru pacha, chembe mbili kwa mpigo, moja kwa kila kipima! Miaka mitatu yeye na wenzake wameitafuta milio hiyo. Fundi akaguna, akanyoosha kidole chenye kovu, akapunguza joto la chupa yenye mvuke wa atomu. Milio ikaachana.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Nimeitengeneza, Daktari. Hii shida ya kulia pamoja huwa iko kila asubuhi. Mimi huimaliza kabla hamjafika."