Herufi za Mama Yohana

Leo mjukuu wangu Neema amelia kwa ajili ya herufi.

Anaandika yeye, mimi nasema tu. Neema, usifute hapo.

Ametengeneza programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za ghala la mahindi. Anaigawa bure, kila mtu aifungue, aibadilishe, ampe na mwenzake. Inatoka kesho, na nembo yake ilishakuwa tayari, nzuri kabisa.

Asubuhi rafiki yake wa Dar kamwandikia: herufi ulizoweka kwenye nembo zina mwenyewe, leseni yake hairuhusu kuzigawa hivyo.

Nikamwambia, herufi nazo zina mwenyewe? Basi na ugali tuombe ruhusa.

Hakucheka, akalia.

Akakaa anaangalia vitambaa vyangu vya makochi. Mie kusoma sijui, lakini KARIBU MGENI naishona vizuri.

"Bibi, herufi hizi ulizitoa wapi?"

"Kwa Mama Yohana. Alizichora mwenyewe."

Akasimama. "Twende tukamwombe."

Nikaona aibu. Umwombe mtu kitu alichokwisha kukupa?

Mama Yohana, jirani yetu aliyetoka Burundi, tumemkuta anaanika mihogo. Nikamwambia tumekuja kuomba zile herufi. Akanitazama. "Dada, nilikufundisha bure, leo unakuja kubisha hodi?"

Neema akamweleza taratibu. Mama Yohana akafuta mikono.

"Chukua, mjukuu wangu. Ila mwingine akija kuziomba, usimnyime."

Neema akalia tena, safari hii anacheka. Anasema hiyo ndiyo leseni aliyokuwa anaitafuta.

Nyie huko, mmeshawahi kuomba mara ya pili kitu mlichokwisha kupewa?