Mhandisi Aliyeandika "Lazima"

Ofisini walimwita Lazima, na hawakuwa wakimsifu.

Kampuni yao ya ushauri wa kihandisi ilikuwa na kiyoyozi kisichozimwa, mshahara usiochelewa na bima iliyolipia figo za mama yake. Kazi yenyewe tamu kwa mpenda kujifunza: leo daraja, kesho mtaro wa majitaka, keshokutwa tangi la maji. Ubaya wake mmoja tu: mshauri hushauri. Hajengi, habomoi, haamrishi. Neno "lazima" ndani ya ripoti humkera mteja, na mteja akikereka hutafuta mshauri mwenye adabu zaidi.

Mwaka wake wa tisa alitumwa kukagua jengo la ghorofa tano lenye maduka chini. Nguzo mbili zilikuwa zimepasuka mshazari, nondo zimechomoza kama mbavu za punda mzee. Akaandika: "Wapangaji lazima wahame mara moja." Mkurugenzi akaikata sentensi kwa kalamu nyekundu, akaweka yake: "Inashauriwa hali iendelee kufuatiliwa."

"Mzee, nguzo zile hazifuatiliwi, zinakimbiwa."

"Kijana wangu, sisi washauri, si zimamoto. Mama hajambo lakini? Haya, tia saini."

Akatia.

Jumamosi alikwenda kumhamisha shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeshona nguo katika duka mojawapo la chini. Alikuwa amekumbatia cherehani ya pili pale fundi viatu wa mlango wa jirani alipomzuia.

"Mhandisi, unawatoa wako tu? Sisi wengine mifupa yetu ya chuma?"

"Ripoti mnayo."

"Tunayo. Inasema tufuatilie, nasi tunafuatilia. Juzi ufa ulipitisha karatasi, leo unapitisha kidole."

Akaitua cherehani. "Hameni," akasema. "Leo. Lazima."

Maduka manne yalihama jioni ile ile. Wengine wakaomba mpaka Jumatatu, wapate pa kwenda.

Jumatatu mwenye jengo alipiga simu ofisini. Kufikia adhuhuri mhandisi alikuwa amerudisha kompyuta, funguo na kadi ya bima. Kosa: kutoa siri za mteja.

Mwenye jengo akabandika tangazo langoni kwamba mhandisi yule amefukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Wapangaji waliobaki wakalisoma, wakashusha pumzi, wakafungua mizigo.

"Nilijua tu," alisema fundi viatu, akipanga upya makopo yake ya rangi chini ya nguzo. "Angekuwa mkweli wangemfukuza?"