Inchi Kumi za Dada

Miaka arobaini na moja Bi Sindano na dada yake mkubwa walishona nguo katika chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, na tepu yao ya kupimia ilikuwa moja tu, nayo kilema. Pasi ya makaa iliila inchi kumi za mwanzo, siku ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyeiacha pasi pale. Wateja waliwaletea tepu mpya mara tatu, wakazigawa zote. Bi Sindano alisema tepu mpya haijui mwili wa mtu.

Kwa hiyo kazi waliigawana hivi. Bi Sindano anapima na kutaja kwa sauti namba anayoiona. Dada, aliyemzidi madarasa mawili, amekaa na chaki yake, anatoa kumi kichwani na kuandika kwenye kitambaa. "Kiuno, arobaini na nne," mmoja anasema, na mwingine anaandika thelathini na nne. Wanawake wageni waliposikia ukubwa wa viuno vyao walishika pochi zao waondoke. Dada huwaambia, "Msimsikilize huyo, nisikilizeni mimi." Na hakuna nguo hata moja iliyorudishwa.

Cherehani sasa imefunikwa shuka. Magoti ya Dada yamechoka, na kutoka nyumbani kwao hadi zahanati ni mwendo wa mtu mzima kupumzika mara moja. Zamani katikati ya njia palikuwa na ukuta mfupi mbele ya posta, wazee wakikaa hapo kuvuta pumzi. Barabara ilipopanuliwa ukuta ukavunjwa, na hakuna aliyeuliza ulikuwa unamsaidia nani. Dada alijaribu kwenda hivyo hivyo. Pale pale posta miguu ikakataa, akakaa chini kando ya njia, na mpita njia mmoja, mtu mwenye huruma zake, akamtupia sarafu mapajani.

Alirudi nyumbani, akaiweka ile sarafu mezani, akasema, "Mimi sitoki tena."

Miezi mitatu Bi Sindano alimchukulia dawa za presha. Mwezi wa tatu muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, hii ndiyo mara ya mwisho. Mwezi ujao namtaka mgonjwa mwenyewe. Siwezi kumpima presha yake kwenye mkono wako."

Ndipo jiji likaita wazee watoe maoni juu ya barabara mpya. Ukumbi, viti vya plastiki, na kila mmoja akapewa karatasi yenye vijisanduku vya kuweka alama. Bi Sindano akaigeuza ya kwake juu chini, kisha akaipindua nyuma.

"Nimesahau miwani," alimwambia Mwalimu mstaafu aliyekaa jirani yake.

"Si hiyo hapo kifuani?"

"Hii ni ya mbali."

Mwalimu hakubishana. Akamsomea yote kwa sauti ya chini, swali kwa swali, kama barabara ni nzuri, nzuri sana au nzuri kiasi. Alipomaliza, Bi Sindano alisimama, hajaitwa.

"Karatasi hii inauliza barabara," alisema. "Haikuuliza mtu akichoka anakaa wapi." Akaeleza habari ya ukuta, akaeleza na sarafu. Hakupamba kitu.

Mhandisi wa jiji, mama wa makamo aliyepandisha miwani kichwani, alikunja karatasi zake. "Sawa mama. Tuanze na benchi moja, pale pale palipokuwa na ukuta. Liwe na kimo gani?"

Kuulizwa kimo. Bi Sindano hakuwa ameulizwa swali la kazi kwa miaka sita. Akafungua mkoba, akatoa tepu, akawapanga wazee kumi na mmoja na kuwapima kisigino hadi nyuma ya goti, huku mhandisi akiandika. "Ishirini na nane. Ishirini na saba na nusu. Huyu ishirini na tisa, ana miguu ya twiga." Mhandisi alinyanyua uso mara moja, akamtazama, akaandika.

"Ijumaa ya wiki ijayo mkuu wa idara atakuja kuliona," alisema mwishoni. "Likikalika, tutaweka mengine mjini. Lisipokalika, naogopa jambo litaishia hapo."

Bi Sindano alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshonewa nguo mpya.

Alhamisi aliambiwa benchi limefika, akaenda kulitazama kabla ya wenye vyeo. Alimkuta Mwalimu amekaa juu yake peke yake, miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Mwalimu, unafanya nini huko juu?"

"Kupanda nilipanda. Kushuka, nilikuwa nakusubiri wewe."

Alimshusha kwa taabu, akatoa tepu na kupima benchi. Thelathini na nane. Damu ikampanda. Alifika nyumbani, akaanza kabla hajavua hata viatu.

"Niliwapa ishirini na nane, wamechomelea thelathini na nane. Wameongeza inchi kumi nzima. Hawa watu wa jiji hata ukiwatafunia, kumeza hawawezi."

Dada alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Nani alikuwa anaandika?"

"Yule mhandisi."

"Na nani alikuwa anatoa?"

Bi Sindano alivuta kiti. Akakaa. Ile tepu ilikuwa bado mkononi, na ncha yake iliyoungua ikimtazama.

"Kesho uende ukawaambie," Dada alisema.

"Nisimame mbele ya wakubwa niseme sijui kupima? Mimi?"

"Kupima unajua. Kutoa ndiyo kazi yangu, na mimi sikuwepo."

"Watasema wazee wamechoka akili."

"Watasema. Na usipokwenda watamsema mhandisi, benchi litang'olewa, na mimi nitakaa na mchele wangu huu mpaka nizikwe." Hakusema kwa uchungu. Alirudi kutafuta mawe.

Ijumaa asubuhi Bi Sindano alivaa gauni lake la bluu, lile la mikutano. Alipofika, mkuu wa idara alikuwa analizunguka benchi, mikono nyuma. Fundi wa kuchomelea alikuwa anajitetea: "Mimi niliandikiwa, mzee. Nilisema hili labda wanakaa wachezaji wa mpira wa kikapu, nikaambiwa wazee wenyewe ndio waliotaka."

"Ndiyo maana nasema wazee waachwe wapumzike nyumbani," mkuu alisema. "Mhandisi, namba hizi zimetoka wapi?"

Mhandisi alimwona Bi Sindano, na hakumnyooshea kidole. "Niliandika mimi," alisema.

Hapo Bi Sindano angeweza kugeuka na kwenda zake. Njia ilikuwa wazi.

"Namba ni zangu," alisema. Akatoa tepu, akashika ncha iliyoungua, akawaonyesha. "Hii inaanzia kumi. Mimi hutaja, dada yangu hutoa. Miaka arobaini na moja. Siku ile yeye hakuja kwa sababu hana pa kukaa njiani, basi hakuna aliyetoa. Toeni kumi."

Wa kwanza kucheka alikuwa fundi, akageuza uso upande asionekane, lakini mabega yakamsaliti. Mkuu naye akaguna, akaichukua tepu na kuitazama kama mtu anayetazama jino lililong'olewa.

"Mama," mhandisi alisema, "mimi mwenyewe nilipoandika ile ishirini na nane niliona ni kubwa mno. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilikuja kuwasikiliza. Sikutaka kumbishia mtu mzima."

"Mwanangu, wateja wangu wote walibisha. Ukimwambia mtu kiuno chake arobaini na nne atanyamaza? Ungenibishia, ningekumbuka pale pale. Siku nyingine nibishie."

"Nitakubishia, mama."

"Na wewe," alimgeukia fundi, "uzuri wake umezidisha, hukupunguza. Nguo ndefu hukatwa. Fupi ndiyo msiba."

Fundi alikata miguu yote minne pale pale, Bi Sindano ameweka alama kwa chaki na mhandisi amerudia kupima kwa tepu yake nzima, akibishia alama mbili, na kwa moja alikuwa na haki. Walipomaliza, mkuu wa idara alikaa. Miguu yake ikagusa chini. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa ukaguzi, akasema mengine yawekwe, na kila linapowekwa wazee waitwe kupima. "Wote wawili," aliongeza. "Anayetaja na anayetoa."

Jumatatu Dada alitoka nyumbani. Alipofika posta pumzi zilikuwa zimebaki chache, naye akakaa. Visigino vyake vikatua chini, vyote viwili, bila kutafuta. Bi Sindano alibaki amesimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi, mpaka alipogundua kwamba tangu waondoke nyumbani alikuwa amebana tumbo kama mteja anayepimwa kiuno. Akaliachia.

"Kaa na wewe," Dada alisema. "Au unasubiri kupimwa?"

Akakaa. Kijana mmoja aliyebeba maboksi akapita, akapunguza mwendo.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," walijibu pamoja, na Dada akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akaushika mkono wa mdogo wake, akanyanyuka, wakaendelea na safari ya zahanati.