Hatua Mbili za Shamba la Mama Njeri

Nikipita penye wauza mbao hapa Eldoret nikitoka kazini, miguu imechoka, harufu ya mbao za saipras zilizotoka kupasuliwa hunisimamisha. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, kama dawa iliyotiwa asali. Watu hunipita wakidhani nangoja kuuliza bei. Kumbe nimerudi darasa la tano, kando ya barabara ya kuelekea Burnt Forest, nimeshika kikombe cha bati kilichojaa misumari, na watu wa kwetu wanang'oa nyua zao wenyewe.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake nyeusi. Barabara yetu ilijengewa magari tu. Lami ilipoishia palikuwa na ukingo uliomeguka, kisha mtaro, kisha ua wa mtu. Mwenye miguu, mwenye baiskeli, mwenye ng'ombe, sote tuligombania kipande cha upana wa ubao. "Barabara haina mama," Baba alizoea kusema, maana haimhurumii mtoto wa yeyote. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama ina baba.

Asubuhi moja ya ukungu, penye kona iliyo mbele ya duka la Mama Njeri, lori la mahindi lilitupita karibu mno hata nikahisi joto lake shavuni. Gurudumu letu la mbele likateleza ukingoni. Nilitua kwenye nyasi zenye umande, kiatu kimoja mguuni. Baba alikuwa mtaroni chini ya baiskeli, akiniita, "Chebet! Chebet!" na akaendelea kuniita hata baada ya kumjibu. Mama Njeri alitoka dukani mbio, akamfunga Baba mguu uliovunjika kwa leso yake na fito mbili. Lori halikusimama.

Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa mfupi. Baba aliandika barua ya kuomba matuta na njia ya waenda kwa miguu, akaandika nyingine, na nyingine. Barazani chifu alisema, "Tumesikia, Mwalimu," na nadhani kweli walikuwa wamesikia. Mwishowe wazazi wakapatana: kila mwenye shamba linalopakana na barabara arudishe ua wake ndani hatua mbili, watoto na baiskeli wapate pa kupita. Wazee walinung'unika. Kwetu mtu akikupa hatua mbili za shamba, amekupa mahindi ya maisha yake yote. Lakini walikubali, mmoja mmoja, hadi akabaki Mama Njeri peke yake. Wazazi wake walihamia kwetu zamani kutoka upande wa Nyeri, na shamba lake ndilo lililoshika ile kona.

Baba alinichukua tukaenda dukani kwake.

"Mama Njeri, ni hatua mbili tu," alisema, akiegemea mkongojo. "Watoto wapite."

Alikuwa anapima sukari. Alingoja mizani itulie.

"Mwalimu, mimi nimesongeshwa ya kutosha."

"Naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa, ungetuma mtu mwingine."

Nyumbani Baba alikataa chai, jambo ambalo kwetu ni sawa na kuugua. Mimi niliamua Mama Njeri ni mtu mbaya, nikaacha kununua peremende kwake. Kwa kuwa hapakuwa na duka lingine, aliyeumia ni mimi.

Njia ilichimbwa kutoka pande zote mbili, ikakomea kwenye ua wake. Hapo watoto walipanda lami, wakazunguka kona ile ile, wakashuka tena. Jirani mmoja alisema tung'oe tu, si ni miti. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akipaza sauti namna ile.

"Hakuna mtu atagusa ua ya huyo mama!"

Akaanza kusimama pale konani kila asubuhi, mvua au ukungu, akiwavusha watoto kwa mkongojo ulioinuliwa. Mama Njeri alimwona akiwa dukani. Kisha siku moja mtoto wa darasa la kwanza aliteleza, nissani ya abiria ikafunga breki, ikasimama hatua chache tu kutoka kwake. Mtoto hakuumia. Vitabu vyake ndivyo vilivyokanyagwa.

Jumamosi hiyo tulisikia sururu. Mama Njeri alikuwa anang'oa nguzo ya kona mwenyewe. Watu walipokimbilia kumsaidia aliwazuia kwa mkono.

"Mwalimu, kuja ushike hii kamba. Wewe ndio utapima. Na uhesabu kwa sauti, watu wasikie."

"Moja," Baba alisema. Ya pili aliitaja kwa sauti ndogo, akairudia. Pale nguzo ya zamani ilipokuwa, Mama Njeri alizika jiwe kubwa, kila mtu ajue shamba ni la nani. Tulipigilia nguzo mpya za saipras hadi adhuhuri. Nilikuwa bado nimenuna, lakini akanipa mandazi, nikasahau.

Njia ingali ipo. Kila masika maji huila, na kila masika waliobaki kijijini hutoka na majembe. Matuta hayajawekwa mpaka leo.

Nilipokuwa chuoni Chepkoilel nilirudi likizo nikamuuliza Baba kwa nini alifoka siku ile. Aliniambia kuhusu ile vurugu ya uchaguzi ya kabla sijaanza shule, ambayo mimi naikumbuka kama moshi tu. Vijana walikuja wakang'oa ua wa Mama Njeri, kisha mabati yake. Baadhi yao Baba alikuwa amewafundisha kusoma. Wangemsikia kama angewazuia.

"Nilisimama kwa geti yetu," alisema. "Nilisimama tu. Huyo mama akapita na Njeri mgongoni, na akanisalimia."

"Umewahi kumwambia pole?"

"Bado."

Jumapili iliyofuata nilimshika mkono tukaenda kwake polepole, akipumzika njiani mara mbili. Mama Njeri alifungua mlango mwenyewe. Niliwaacha ndani, nikakaa nje kwenye ngazi, na kuku wake wakaja kunichunguza. Sikusikia waliyosema. Walichukua muda mrefu.

Utotoni niliamini watu wazima huchoshwa na kazi. Pale kwenye ngazi ndipo nilipojua kwamba Baba alikuwa amechoka miaka yote hiyo kwa kubeba neno moja.