Litungu Lililotoka Kwenye Simu

Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mjukuu wangu kaiacha simu ijichagulie nyimbo yenyewe. Baada ya kelele za vijana likalia litungu, kinanda chetu cha nyuzi nane. Nikajikuta mtoto, nimechuchumaa chini ya ng'ombe aliyefiwa na ndama. Alikuwa anabana maziwa, na mdogo wangu mchanga analia njaa, mama hana kitu kifuani. Baba akaleta litungu, akampigia yule ng'ombe.

"Unamposa?" mama akamtania.

"Wewe kamua," baba akaniambia.

Nikavuta. Chuchu zikalegea, maziwa ya moto yakaanza kuingia kibuyuni.

"Bibi, mbona unavuta hilo gunzi?" mjukuu akauliza.

Nikatazama vidole vyangu. Kweli, vilikuwa vinakamua.

"Rudisha huo wimbo," nikamwambia. "Mtoto hajashiba."